Kabila la mhojiwa halikisiwi kwa jina

SWALI: Ninasimamia wahojaji katika utafiti wa lishe ya watoto Kaunti ya Kwale. Dodoso letu lina kipengele cha kabila, na wahojaji wanahofu kuwaudhi wenyeji. Mshauri tuliyeletewa anasema tusiulize waziwazi, bali tukisie kwa jina na lafudhi, au tuulize tu babu wa mhojiwa alizaliwa wapi. Je, hiyo ndiyo njia ya heshima?

JIBU: Hapana, na ningependa ushauri huo usimfikie hata mhojaji mmoja. Hukutana nao karibu kila ninapoitwa kukagua dodoso, na daima huletwa kwa jina la adabu, ilhali kinachofanyika ni kumwandikia mtu utambulisho wake bila yeye kujua.

Huko Msambweni, Shimoni na Vanga, Mdigo, Msegeju, Mshirazi na Mpemba wote huitwa Hamisi, Bakari au Mwanaisha. Lafudhi nayo haisaidii, kwa kuwa mjukuu wa Mmakonde aliyekulia Kwale anaweza kuzungumza Kidigo sawa na jirani zake. Mhojaji anayekisia hukusanya dhana zake mwenyewe, kisha ninyi mnazichapisha kama takwimu.

Swali la babu ndilo baya zaidi. Wazee wa Kimakonde walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na vizazi vyao viliishi bila kitambulisho cha taifa hadi serikali ilipowatambua kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017. Wapemba walisubiri hadi 2023. Kabla ya hapo, aliyeomba kitambulisho alipigwa msasa mbele ya chifu na wazee, akitakiwa kueleza wazazi na babu zake walizaliwa wapi. Leo mgeni mwenye kishikwambi anapoketi kibarazani na kuuliza jambo lile lile kwa sauti ya upole, mama mwenye mtoto mgongoni hasikii upole wowote. Husikia kwamba uraia wake umeanza kuchunguzwa upya.

Kwanza jiulizeni kama mnakihitaji kipengele hicho. Ikiwa uchambuzi wenu utalinganisha kipato, mlo na umbali wa zahanati pekee, kiondoeni. Ikiwa kinahitajika kweli, kiwekwe mwishoni mwa mahojiano, sababu yake itajwe, kisha swali liulizwe hivi: “Wewe mwenyewe unajitambulisha kuwa wa kabila gani? Usipopenda kujibu, tutaendelea na maswali mengine.” Jibu liandikwe kama lilivyotamkwa, hata kama ni makabila mawili, au ni “Mswahili”, au ni “Mkenya” tu. Na mzee wa mtaa aliyewaongoza hadi nyumbani aombwe kusubiri mbali, kwa sababu mbele yake wengi watataja kabila la salama badala ya lao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa ya mhojiwa si hisani mnayomfanyia.

Wapo pia wanaouza programu zinazopanga orodha ya majina kwa makabila, wakidai zinaokoa muda na kuepusha aibu ya kuuliza. Mtu anayeuza kitu kama hicho katika nchi hii amesahau vizuizi vya barabarani vya mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ambako jina lililosomwa kwenye kitambulisho lilitosha kumhukumu msafiri. Nchini Rwanda, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji ndilo lililowasaidia wauaji kuwachagua watu vizuizini mwaka 1994. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, na bado imepanga shule na hospitali zake. Orodha ya kabila iliyotengenezwa kwa kukisia ina hatari zote za orodha ya kweli, na haina hata faida ya kuwa sahihi.

Kama wahojaji wenu wameshajaza safu hiyo kwa kukisia, ifuteni yote kabla faili halijatumwa kokote, na kwenye nakala zilizobaki katika vishikwambi pia. Msijaribu kuirekebisha ofisini, wala msirudi kwa wahojiwa kuwaomba wathibitishe mlichowaandikia.