Jibu: Mahali pa kutazamia nyota karibu na mji

Umeuliza ni wapi mkazi wa pembezoni mwa jiji anaweza kutazama nyota bila kusafiri mbali. Ningekushauri uanze na ramani za mwangaza wa usiku zinazopatikana bure mtandaoni, kisha uchague eneo kwa kufuata upande wa anga unaoutaka: ukitaka kuona nyota za kusini, toka mjini kuelekea kusini, ili mng'ao wa jiji ubaki mgongoni mwako. Mara nyingi uamuzi huo husaidia kuliko kuongeza kilomita.

Ukifika, usilihukumu eneo papo hapo, kwa sababu macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuwasha simu mara moja tu hukurudisha mwanzo. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu hafifu. Taa moja ya barabarani inayokupiga usoni hudhuru sana, hivyo hata uwanja wa kawaida unaweza kufaa ukijikinga nyuma ya ukuta au miti. Kipimo ninachokipenda ni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana: kikiwa juu angani, nawe ukahesabu nyota zake sita bila darubini, giza hilo linatosha kabisa kwa kuanzia.

Epuka siku zinazokaribia mwezi mpevu. Tafadhali pia litembelee eneo mchana kwanza, uombe ruhusa ya mwenye ardhi, na usiende peke yako usiku.