Kwa nini tangazo lako linapendwa lakini sabuni hainunuliwi

Mleta mada, umesema unatengeneza sabuni ya maji hapo Mbagala, umelipia tangazo mtandaoni, watu wamebonyeza "like" nyingi, lakini wateja hawaji. Tangazo lenyewe umelibandika hapa: "Sabuni bora yenye viwango vya hali ya juu, inafaa kwa matumizi yote, kwa bei nafuu. Karibuni nyote. Bei njoo inbox." Nimeandika matangazo ya redio na kuzunguka na gari la promosheni miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kutokana na niliyoyaona.

Tangazo lako linaisifia sabuni lakini halimgusi mtu yeyote. "Bora" na "bei nafuu" kila muuzaji anayasema, sikio limeshayazoea. Anayesoma ana mambo yake kichwani: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, jioni watakula nini. Ukitaka akusikilize, anzia kwenye jambo ambalo tayari linamsumbua.

Angalia M-Pesa ilivyoingia Kenya Machi 2007. Kwenye majaribio yaliyoanza 2005, huduma ililenga watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wenyewe wakaanza kutumiana pesa. Wenye huduma wakaliona hilo, na siku ya kuizindua wakaja na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Basi. Kijana wa Nairobi hakuhitaji kufundishwa kwamba mama yake kijijini anasubiri. Alishazoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha huku akiomba Mungu ifike. Wajibu alikuwa nao, hofu alikuwa nayo, tangazo likampa njia. Na wakala alikuwa hapo hapo mtaani, kibanda cha kijani, kwa hiyo aliyeshawishika asubuhi aliweza kutuma kabla ya mchana. Hili la wakala wengi wanalisahau. Hamu ya kununua inapoa haraka sana, na ndiyo maana hiyo "bei njoo inbox" inakuumiza. Mtu aulize, asubiri ujibu, apewe bei, aanze kufikiria upya? Wengi wanaishia njiani, na wengine wanahisi unapima mfuko wao kwanza. Andika bei.

Sasa gari la promosheni. Muziki mkubwa, wanenguaji, watoto wamejaa, picha zinapigwa, na jioni mzigo unarudi karibu wote stoo. Nililiona hilo mara nyingi. Siku iliyonifungua macho tulikuwa sokoni Temeke tukiuza sabuni ya vyombo. Binti mmoja wa timu yetu aliachana na kipaza sauti, akamfuata mama lishe, akaomba sufuria ambayo mafuta ya samaki yalikuwa yameganda tangu jana. Akaosha nusu tu, nusu nyingine akaiacha kama ilivyo, akamrudishia mkononi. Yule mama akaigeuza juani, akapitisha kidole upande huu, akapitisha upande ule, kisha akamwita mwenzake wa banda la pili: "Hebu njoo uone." Hapo ndipo mauzo yalipoanza. Muuzaji ana sababu ya kuisifia mali yake, jirani hana, kwa hiyo neno la jirani linaaminika zaidi. Video ya sufuria kama ile, ukiipiga kwa simu yako bila mapambo, itafanya kazi kuliko hilo bango lenye maua.

Mimi ningeliandika hivi: "Mama lishe, mafuta ya samaki yameganda kwenye sufuria? Kijiko kimoja cha sabuni hii kwenye beseni la maji, sugua mara moja, suuza. Lita moja shilingi 2,000. Piga simu kabla ya saa mbili asubuhi, inakufikia Mbagala na Temeke kabla ya saa nne." Bei na muda weka vyako vya kweli. Umeona kuna mtu mmoja anayeitwa, shida moja, bei, na hatua moja ya kuchukua. Ukiongeza "inafaa pia kwa magari, nguo na sakafu" unaanza kumpoteza. Hata redioni sekunde 30 zinabeba maneno kama 60 tu ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu.

Kuna mdau juu hapo amesema dawa ni kurudia rudia tangazo. Ana hoja. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kupenda kitu kwa kukiona mara nyingi tu, hata bila maelezo yoyote. Kampuni za simu zinapopaka maduka ya barabarani rangi zao, ndicho zinachokitafuta. Lakini zina fedha za kusubiri miaka. Wewe tumia jina moja, rangi moja na chupa ileile, na kila tangazo unalolipia liombe oda.

La mwisho, na hili linanikera kweli: usije ukaandika "inaua vijidudu vyote" wakati haijapimwa maabara. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini hata bila sheria, anayenunua sabuni yako anaipeleka kwa watoto wake. Matangazo yanayoahidi makubwa kwa sauti ya juu kisha yanamalizia "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya kukimbizwa yamewafanya watu wasiamini hata wanaosema kweli, na sabuni inaishi kwa mteja anayerudi.

Badilisha tangazo wiki hii. Kila anayepiga simu muulize amekusikia wapi, andika kwenye daftari, halafu urudi hapa utuambie tulitazame pamoja.