Masomo Iko Bule, Juu ya Nini Batoto Habako Sawa?

SWALI: Jambo Mwalimu. Niko mama ya batoto ine, naishi Katuba, nauzishaka unga na mafuta ku soko. Ndugu yangu eko Uingereza, anasema kule masomo ya Leta iko bule tangu zamani, hakuna minervali, hakuna prime. Lakini juzi tuliongea ku telefone akaniambia ata kule mutoto ya mutumikaji ya chini hafikake mbali sawa mutoto ya daktari, na eti serikali yenyewe iko na sehemu mu ile makosa. Nashindwa kuelewa, juu siye hapa tulilia gratuité miaka mingi tukifikiri ikikuja tu, batoto yetu na batoto ya bakubwa batakuwa sawa. Kama masomo iko bule, makosa inatoka wapi? (Mama ya Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, ndugu yako anasema kweli, na nitakujibu kwa urefu juu hii maneno inatugusa siye wote. Makosa haiko mu ile bule. Makosa iko mu namna Leta inapangaka batoto kisha kubaingiza.

Uingereza, sheria ya mwaka 1944 njo ilifanya secondaire ikuwe bule kwa kila mutoto. Ilikuwa kitu kubwa sana, juu mbele ya pale batoto mingi ya batumikaji balikuwa banaachia masomo na miaka 14. Lakini pamoja na ile bule kulikuja egzame ya miaka 11. Ukipita unaenda ku masomo banaita grammar school, yenye inakutayarisha kwenda universite, ukianguka unaenda ku secondary modern, na kutoka pale kufika universite ilikuwa nguvu sana. Sasa nani alikuwa anapita? Mara mingi ni mutoto mwenye baba yake anatumika mu biro, nyumbani kuko bitabu, kuko chumba ya kusomea kimya. Mutoto ya muntu ya mu mine ya makaa alikuwa anapimwa na egzame moja na ule, akianguka banasema hana akili, na miaka 11 tu! Mwaka 1965 serikali iliomba bakubwa ya miji bachanganye batoto wote mu masomo ya namna moja, na sehemu mingi balifanya vile, lakini haikuisha. Mu England kungali grammar school 163, na bazazi benye feza banalipaka repetitere mbele ya ile egzame. Repetitere unamujua Mama, ata huku kwetu mwenye kumulipa njo mutoto wake anapita mbele.

Lakini kwangu, kitu yenye kuharibu zaidi ni sheria ya 1988, wakati ya Margaret Thatcher, waziri wa kwanza wa Uingereza. Serikali ilisema muzazi achague masomo mwenyewe, na feza ya Leta ifuate mutoto kwenye anaenda, masomo ikipata batoto mingi inapata feza mingi, ikikosa batoto inakauka. Kisha, kuanzia 1992, bakachapisha liste ya masomo na matokeo yake ili kila mutu aone. Ukisikia vile utasema ni muzuri, nani anakataaka kuchagua? Ila kuchagua inaomba bintu. Inaomba kujua kusoma ile liste, wakati ya kuzunguka kutembelea masomo, motokari ya kupeleka mutoto mbali asubui, na zaidi ya yote inaomba nyumba, juu masomo ikijaa, mara mingi inachukua kwanza batoto benye kuishi pembeni. Basi nyumba za pembeni ya masomo ya muzuri bei inapanda, mwenye feza akinunua nyumba ananunua na kiti ya mutoto mu darasa. Benye kukosa feza ya nyumba bengine banaanza kwenda misa kila siku ya yenga, bibi na bwana, ili bapate barua ya padri, juu masomo ya kanisa ikijaa iko na ruhusa ya kuchagua kwa dini. Na mama mwenye kusafisha biro usiku, kazi mbili kwa siku, ile barua atatafuta saa ngapi? Yeye mutoto wake anaenda kwenye nafasi ilibakia.

Na masomo nayo ikaanza kuchagua. Ku ile liste balikuwa banahesabu paka batoto wangapi banapata C ao zaidi mu mitihani tano ya GCSE, ile ya miaka 16. Sasa mwalimu mukubwa anaangalia darasa: huyu atapata tu, tumuache, huyu wa D anaweza kupanda C, tumupe mwalimu muzuri na masaa ya kuongeza, huyu wa chini kabisa hatatusaidia ku liste. Bachunguzi baliingia mu masomo ya London bakaona hii na macho, na wa chini kabisa mara mingi ni mutoto ya maskini ao mutoto mweusi. Serikali ilibadilisha hesabu mwaka 2016, ikaanza kuangalia mutoto ametoka wapi na amefika wapi. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa ishapita.

Kama unataka kuona ile kitu waziwazi, angalia mwaka 2020. Korona ilikuja, mitihani ya mwisho ya secondaire ikakatazwa. Bamwalimu bakatoa pointi zenye banafikiri kila mutoto angepata, lakini serikali ikaogopa bamwalimu baliongeza, ikatumia hesabu ya komputa yenye kuangalia masomo yako ilikuwa inapata nini miaka ya nyuma. Fikiri Exetat ya hapa: wewe binti wa Ruashi umejifunza usiku na buji, halafu pursa yako inapunguzwa juu wale balikupitia mu ile masomo hawakufanya muzuri! Karibu 40 kwa 100 ya pointi mu England ilishushwa. Na kwenye darasa ilikuwa na batoto kidogo sana, hesabu iliacha tu pointi ya mwalimu, na darasa za kidogo namna ile ziko mingi ku masomo ya private, njo private ikapanda zaidi. Batoto balitoka mu barabara London bakalalamika, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma, ikakubali pointi ya bamwalimu. Ile hesabu haikuandikwa na muntu mwenye kuchukia bamaskini. Ilichukua tu vile bintu ilikuwa imepangwa zamani, ikaibandika ku mutoto wa leo, na mie njo kitu inaniumiza kabisa.

Siye hapa tunajua kupangwa. Wakati ya Union Minière, kampuni ya mine ya Babelgi, mutoto ya muzungu alisomea kwake na mutoto ya mutumikaji mweusi alisomea ku kambi. Leo hakuna mwenye kukupanga kwa rangi. Gratuité ya primaire ilianza mwaka 2019, ijapo Constitution ya 2006 ilishaiandika ku article 43, na sitaki mutu aseme ni mubaya, juu kuko batoto balirudi ku masomo benye balikuwa banauzisha maji ku barabara. Lakini ulienda kuona darasa ya kwanza, Mama? Batoto batatu ku banki moja, bengine chini, mwalimu hafike kusahihisha ata kayé nusu. Bazazi benye feza baliona ile, bakatosha batoto bakapeleka private. Kwa hiyo muulizeni COPA, ile komite ya bazazi, na mukubwa wa masomo: darasa ngapi inajengwa, bamwalimu bangapi beko mu liste ya mushahara ya Leta na bangapi hapana bado. Ile njo maswali ya sasa.

SWALI: Mwalimu, niko etudia wa sosiolojia. Vile unaongea ni kama serikali ya Uingereza haikusaidia kitu. Hakuna politike ata moja ilifanya kazi?

JIBU: Iko, mudogo wangu, na unafanya muzuri kuuliza. Kuanzia 1999 balifungua bituo vya Sure Start, bazazi benye watoto wachanga banapata pale muganga, mafundisho, mahali pa kuchezea, yote pamoja mu kartie ya bamaskini. Mwaka 2024 bachunguzi ya Institute for Fiscal Studies balionyesha kama batoto benye kukomalia pembeni ya ile bituo balifanya muzuri zaidi ku GCSE, na faida kubwa ilikuwa kwa batoto ya bamaskini. Lakini wakati ile matokeo inatoka, bituo mingi ilishafungwa kisha feza kukatwa kuanzia 2010. Ni vile na EMA, feza ya kufikia pauni 30 kwa juma kwa kijana wa miaka 16 kwenda juu mwenye kubaki ku masomo, ilitoka 2004 na England ikaikata 2011, ijapo Uskoti na Wales balibaki nayo. Mwaka moja na kuikata, 2011, bakaleta pupil premium, feza yenye kwenda ku masomo kwa kila mutoto maskini, ikaanza na pauni 488. Muzuri, lakini ile inapita mu mikono ya masomo, na EMA ilikuwa inaingia kwa kijana mwenyewe, yenye kulipa bisi na chakula. Kama ningechagua ningebaki na zote mbili.

Na chakula usiisahau. Tangu 2014 batoto ya myaka ya kwanza ya primaire England banakula bule wote, ata wa tajiri, na hapo hakuna mutoto mwenye kuonekana eko maskini ku meza.

SWALI: Nalipia batoto yangu private ku Golf. Je, nakosea? (Papa moja)

JIBU: Hapana Papa, ulifanya kile muzazi anafanyaka. Uingereza karibu batoto 7 kwa 100 njo beko ku private, na ku bakubwa ya inchi utabapata mingi sana, David Cameron na Boris Johnson, bawaziri ya kwanza ya zamani, bote balisomea Eton, masomo ya private kwenye mwaka moja inapita pauni 50,000. Tangu tarehe 1 Januari 2025 serikali iliweka kodi ya 20 kwa 100 ku ile minervali, na ilisema ile feza itasaidia kuleta bamwalimu 6,500 ku masomo ya Leta. Bazazi balilia sana. Mie naona ni haki, ila lipa batoto yako private na ubaki kuenda ku mikutano ya masomo ya Leta ya kartie yako, juu siku benye sauti bote banatoka pale, hakuna mwenye atauliza banki iko wapi.