GS Adventure au Africa Twin?

Kaka, kama ni Nairobi hadi Moyale na shemeji yuko nyuma, kati ya pikipiki hizi mbili mimi ningechukua R 1250 GS Adventure ya BMW. Tangi lake ni la lita 30, Marsabit unapita bila kuwaza sheli iko wapi, na kwa kuwa gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni, unasahau kabisa kupaka cheni mafuta kila jioni. Ila ina kilo 268 tangi likijaa. Ikilala mchangani, tafuta wa kukusaidia kuiinua! Africa Twin ya kawaida, ya Honda, ni nyepesi zaidi, tangi lita 18.8. Kabla ya kulipa, yoyote utakayochagua, ikalie ukiwa umevaa buti zako za safari. Visigino vikielea, shusha kiti. Shemeji naye aikalie dakika kumi nzima, si ya picha tu.