Acheze peke yake au na binamu yake?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Binti yangu ana miaka 11. Kila Jumapili alasiri huteleza na viatu vya magurudumu pale bustani ya Mama Ngina pamoja na mtoto wa kakangu, wa miaka 13, na siku hizi wameanza kunyanyuana. Ameona kwenye simu wanaoteleza kwenye barafu na hana neno jingine. Kijana anayewafundisha asema binti ana kipaji zaidi, aachane na mwenzake, acheze peke yake. Hawezi kufanya yote mawili? – Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Aweza, tena kwa miaka kadhaa. Kristi Yamaguchi, mtelezaji wa barafu wa Marekani, alizaliwa na nyayo zilizopinda, akafungwa plasta angali mchanga, akaanza kuteleza ili miguu ipate nguvu. Kwenye mashindano ya dunia ya vijana ya 1988 alishinda peke yake, akashinda pia na mwenzake Rudy Galindo. Wawili hao wakawa mabingwa wa Marekani 1989 na 1990. Lakini kwenye ubingwa wa dunia wa 1990 alitoka wa nne peke yake, na wa tano na Galindo. Siku ni ile ile moja, mazoezi ni ya watu wawili. Akaacha ya wawili; 1991 akawa bingwa wa dunia, na 1992 akatwaa dhahabu ya Olimpiki kule Albertville.

Mwalimu wenu huenda akaishia hapo. Mimi moyo wangu huenda kwa Galindo. Aliachwa bila mwenza, akaanza upya peke yake, na ilikuwa 1996, akiwa na miaka 26, alipopata ubingwa wa Marekani mbele ya watu wa mji wake, San Jose. Miaka sita hiyo!

Basi mwite huyo mtoto wa kakako. Muulize yeye ataka nini, na kama kuna kuachana, alisikie kwako, asilisikie uwanjani. Kwa sasa wote wawili wajifunze kuruka na kuzunguka kila mtu peke yake. Hata wanaocheza wawili wana miruko ambayo kila mmoja huruka mwenyewe, sambamba na mwenzake, kwa hiyo hakuna atakachopoteza.

Barafu Mombasa hatuna, lakini mchezo huu wa magurudumu nao una mashindano yake ya dunia, ya mmoja na ya wawili. Asidhani anacheza kitu cha kungojea kingine.

Kunyanyuana kukome leo. Mimi niliangushwa na kakangu juu ya saruji nikiwa na miaka 14. Kiwiko changu cha kushoto hakijanyooka hadi leo, na ndoo ya maji huibeba kwa mkono wa kulia tu. Wasubiri mtu anayejua kufundisha kubeba, na godoro chini. Na Jumapili hii, kofia ngumu ununue mbili.