Jibu: Kutazama ndege Norfolk, Uingereza, ukiwa na mbwa, inawezekana?

Inawezekana kabisa, dada, ila chagua njia. Hifadhi ya Cley Marshes hairuhusu mbwa wa kawaida, kwa hiyo usimfikishe hadi mlangoni. Pita juu ya tuta linalotoka kijiji cha Blakeney hadi kile cha Cley, ni njia ya umma. Upande mmoja ni kinamasi cha maji chumvi, upande wa pili malisho, na ndege wako pande zote mbili.

Kamba iwe fupi mwanzo hadi mwisho, hata kama mbwa wako ni mtiifu. Wale bata bukini wadogo weusi utakaowaona hapo majira ya baridi wametoka Siberia, na mchana wa Januari ni mfupi; kufikia saa kumi alasiri jua linazama. Kila wanaporushwa wanapoteza muda wa kula na nguvu za kuhimili baridi. Watazame shingo: wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, mmeshasogea mno. Rudi nyuma taratibu, wataendelea kula.

Kamba ifunge kiunoni, maana darubini inataka mikono miwili.

Angalia pia ratiba ya maji ya bahari kujaa na kupwa. Yakianza kujaa, ndege wa miguu mirefu husukumwa kutoka kwenye matope na kusogea karibu na nchi kavu, ndipo utawaona vizuri. Usishuke kinamasini, vijito hujaa haraka na kukuzingira.

Mbwa mbebee maji ya kunywa na taulo. Asinywe ya chumvi, yatamdhuru.