Ganzi ya vidole

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unasema tangu wakuhamishie kwenye kutoa mifupa ya kuku, unaamka usiku wa manane vidole vimekufa ganzi mpaka uukung'ute mkono. Unauliza kama ni baridi ya kile chumba tu, au kuna jambo.

Kuna jambo. Nililijua mimi kwenye minofu ya sangara, hapa Igogo, Mwanza, nikiwa na umri wako. Angalia vizuri: kikifa gumba, cha shahada na cha kati, kidole kidogo kikabaki kizima, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Unapita njia nyembamba pamoja na kano za vidole. Ukirudia mkato uleule zamu nzima umekaza kisu, panavimba, unabanwa. Baridi inaongeza tu, maana mkono uliopoa hushika kwa nguvu zaidi.

Sisi tuliita uchovu. Nilifunga kitambaa, nikachua, nikanyamaza, kwa kuwa vibarua walijaa getini wakisubiri nafasi yangu. Leo vifungo vya gauni nafungiwa, na sufuria ya dagaa imeniponyoka mara mbili mwezi huu.

Jambo jingine ni kisu. Tulikuwa tunanoa saa ya chai tu, na kisu butu kinakula mkono kuliko kuku wenyewe. Dai kinoleo kiwe karibu, na ombeni kupokezana: saa hizi kukata, saa zile kupanga. Ukijikata, osha kwa sabuni palepale, kuku mbichi wana vijidudu vya kuharisha. Na dawa ya klorini msiichanganye na asidi kamwe, hewa yake inaunguza mapafu.

Usingoje kama mimi. Nenda hospitali, mweleze daktari unafanya kazi gani na kwa saa ngapi, aandike. Kisha mwandikie msimamizi, nakala ubaki nayo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inahusu magonjwa yatokanayo na kazi pia, si ajali peke yake, na mchango wa ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, analipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako.

Ukishapata karatasi ya daktari nipigie, usitume ujumbe. Hata barua hii anaiandika mdogo wako, nami namtajia.

Mama yako